Shajara ya mradi: kanuni za mfano za usimamizi wa ardhi za mboji

11 Novemba 2024: Kuanza

Shajara hii inafuatilia kazi ya kikundi kidogo cha watu waliojitolea kutunga, kwa Kiswahili, kanuni za mfano za kulinda na kusimamia ardhi za mboji. Tunazungumzia ardhi oevu ambazo chini yake kuna tabaka la mabaki ya mimea ambayo, kwa kuwa yamezama katika maji yenye oksijeni haba, hayakuoza yakaisha bali yamelimbikizana kwa maelfu ya miaka. Serikali ya kijiji, halmashauri, shirika la uhifadhi au wizara yoyote inaweza kuzichukua kanuni hizi, kuzirekebisha na kuzitumia bila kutuomba ruhusa. Vifungu vilivyoanguka navyo tunaviandika pamoja na sababu zake, kwa kuwa anayenakili kanuni bila kujua ni kipi kilijaribiwa kikashindwa atarudia majaribio yaleyale, na safari hii yatagharimu ardhi yenyewe.

Takwimu zinazotusukuma ni chache na zinajulikana. Ardhi za mboji ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ya dunia. Tathmini ya dunia iliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ilionyesha kuwa asilimia 12 hivi ya ardhi hizo zimekaushwa au kuharibiwa, na kwamba sehemu hiyo ndogo peke yake hutoa karibu asilimia 4 ya gesijoto zote zinazosababishwa na binadamu. Mwezi uliopita serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuta mnada wa vitalu vya mafuta uliozinduliwa Julai 2022, ambao baadhi ya vitalu vyake vilikaa juu ya mboji ya bonde la Cuvette Centrale, katikati ya Bonde la Mto Kongo. Habari hiyo ilitufariji, ila sababu zilizotolewa zilihusu kasoro za mnada wenyewe, kama vile uhaba wa ushindani na maombi yasiyokidhi masharti. Kulinda mboji hakukuwa miongoni mwa sababu hizo, kwa hiyo vitalu vilevile vinaweza kurudishwa mezani kesho. Pengo hilo ndilo linalotufanya tuanze sasa.

Utaratibu wetu ni huu: kila kifungu kinaandikwa, kisha kinawekwa mbele ya tukio halisi linalojulikana hadharani, na tunaulizana kama madhara yaliyotokea yangezuilika endapo kifungu hicho kingekuwepo na kutekelezwa. Jibu likiwa hapana, kifungu kinarudi mwanzo. Mradi hauna ufadhili, na sheria na ripoti tunazozitumia zinapatikana kwa umma, kwa hiyo gharama yetu kubwa ni muda wa watu.

20 Desemba 2024: Ufafanuzi na ramani

Kifungu cha kwanza kilionekana chepesi kikatuchelewesha kwa wiki kadhaa. Rasimu ilisema kwamba ardhi ya mboji ni ardhi yenye tabaka la mboji lenye kina kisichopungua sentimita 30 na iliyoonyeshwa kwenye ramani rasmi. Kina chenyewe hakikuwa na ubishi mkubwa. Wataalamu wengi hutumia sentimita 30, na sheria ya Indonesia hutumia 50. Kilichoangusha kifungu ni maneno "ramani rasmi".

Tulikijaribu kwa Cuvette Centrale. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Greta Dargie na Simon Lewis walichapisha makadirio ya kwanza ya kina kuhusu bonde hilo: kilomita za mraba 145,500 za mboji, zenye kaboni ipatayo tani bilioni 30.6. Mwaka 2022 ikatoka ramani mpya iliyojengwa juu ya vipimo vingi zaidi vya uwandani, nayo ikaonyesha kilomita za mraba 167,600, huku makadirio ya kaboni yakikaa karibu na tani bilioni 29. Eneo liliongezeka kwa zaidi ya kilomita za mraba 20,000 bila mboji yenyewe kuongezeka. Kilichoongezeka ni vipimo. Mtu ambaye angepewa kibali mwaka 2018 ndani ya eneo hilo la nyongeza angekuwa, kwa maneno ya rasimu yetu, kwenye ardhi ambayo haina mboji.

Kifungu kipya kinageuza mzigo wa uthibitisho. Ardhi oevu yoyote ambayo haijapimwa inahesabiwa kuwa ya mboji mpaka mwombaji wa kibali athibitishe vinginevyo, kwa vipimo vya udongo vinavyosimamiwa na mamlaka huku wawakilishi wa wakazi wakishuhudia. Mwenzetu mwenye uzoefu wa mipango ya matumizi ya ardhi alipinga, akisema halmashauri isiyo na mtaalamu wa udongo itakwama, na hoja yake ilikuwa na uzito. Tulikubaliana kuweka muda wa mwisho wa kupima, na kwamba muda huo ukipita bila vipimo kufanyika, ardhi inabaki chini ya ulinzi.

Sharti la mashahidi halikuwekwa kwa heshima tu. Kipimo chenyewe kinaonekana kwa macho ya mtu yeyote: chuma cha kuchimbia chenye chemba ya nusu mduara husukumwa chini kwa mikono, huzungushwa, kisha hutolewa kikiwa na kipande cha mboji cha nusu mita, cha kahawia iliyokoza, chenye nyuzi za mizizi ambazo bado hazijapoteza umbo. Kazi hurudiwa kwa kina zaidi na zaidi mpaka chuma kitoke na mfinyanzi wa kijivu. Aliyesimama pembeni anauona mpaka ule sawasawa na mpimaji, na anaweza kuweka sahihi kwa yale aliyoyaona.

28 Januari 2025: Kina kinachopungua

Tulitaka ulinzi kamili kwa mboji yenye kina kirefu, na mfano ulikuwepo: tangu amri ya rais ya mwaka 1990, Indonesia imekuwa ikilinda mboji yenye kina cha mita 3 au zaidi. Tukaandika vivyo hivyo, kisha tukakijaribu kifungu kwa vipimo vilivyofanywa katika mashamba ya Sumatra, ambako uso wa mboji iliyokaushwa ulishuka kwa takriban mita 1.4 katika miaka 5 ya mwanzo, na baada ya hapo ukaendelea kushuka kwa wastani wa sentimita 5 kila mwaka. Kwanza mboji hupoteza maji na kujibana; kisha oksijeni inaingia na kilichohifadhiwa kwa maelfu ya miaka kinaanza kuoza.

Matokeo ya jaribio yalikuwa mabaya. Mboji yenye kina cha mita 3.4 inayokaushwa kinyume cha sheria leo inaweza, kabla kesi haijafika mwisho mahakamani, kuwa na kina cha mita 2. Kwa hiyo inatoka yenyewe kwenye eneo la ulinzi, na aliyevunja sheria ananufaika na uvunjaji wake. Marekebisho yalikuwa mafupi: kina kilichopimwa mara ya kwanza kinaandikwa kwenye rejista, na hicho ndicho kina cha kisheria daima, hata uso ukishuka. Ninakihesabu kifungu hiki kuwa miongoni mwa vyenye thamani kubwa kuliko vyote katika kanuni hizi, ingawa hakizidi sentensi mbili.

16 Machi 2025: Mpaka wa maji na mpaka wa utawala

Rasimu ilisema kila halmashauri itasimamia mboji iliyomo ndani ya mipaka yake. Ni maneno ya kawaida katika sheria ndogo, na kwa mboji hayafai kabisa. Katika nchi za tropiki mboji nyingi hujijenga kama kuba pana kati ya mito miwili. Katikati imeinuka, kingo zimeshuka, na maji ya mvua yanashikiliwa na mboji yenyewe. Mfereji unaochimbwa ukingoni, kwa kibali halali cha halmashauri ya jirani, unavuta maji ya kuba lote.

Jaribio letu lilikuwa mradi mkubwa wa mpunga wa Kalimantan ya Kati nchini Indonesia, ulioanzishwa wakati wa Rais Suharto katikati ya miaka ya 1990 kwa eneo la takriban hekta milioni 1. Maelfu ya kilomita za mifereji yalikatwa, mengine moja kwa moja kupita vilele vya makuba ya mboji. Mavuno yaliyoahidiwa hayakupatikana, maji yalitoka, na ukame wa El Niño wa mwaka 1997 ulipofika ardhi ile ilikuwa tayari kuwaka. Hakuna mgawanyo wowote wa madaraka kwa mipaka ya wilaya ambao ungeokoa kuba lililokatwa katikati.

Tulichukua badala yake wazo lililomo katika kanuni za Indonesia zenyewe za mwaka 2014: kitengo cha usimamizi ni eneo zima la mboji lililo kati ya mto na mto, au kati ya mto na bahari, na angalau asilimia 30 ya kitengo hicho, kuanzia kilele cha kuba, inatengwa kwa ulinzi. Tukaongeza kamati ya kitengo yenye wajumbe wa halmashauri zote zinazohusika na wawakilishi wa wakazi, na sharti kwamba hakuna mfereji unaochimbwa au kupanuliwa bila idhini yake, hata kama mfereji wote uko ndani ya halmashauri moja.

Kwa mboji inayovuka mipaka ya nchi tulijizuia. Makubaliano ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kuhusu moshi unaovuka mipaka yalisainiwa mwaka 2002, na Indonesia, ambako moshi mwingi hutoka, iliyaridhia mwaka 2014. Mwaka uliofuata moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 nchini humo, takriban theluthi yake ikiwa ya mboji, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16.1. Azimio la Brazzaville la Machi 2018, lililosainiwa na Kongo zote mbili pamoja na Indonesia, ni hatua ya maana kisiasa, lakini halimfungi mtu kisheria. Sheria ndogo za ndani haziwezi kuifunga nchi jirani, kwa hiyo tuliweka wajibu wa kutoa taarifa tu: kamati ya kitengo inapopokea ombi la mfereji karibu na mpaka, inaijulisha jamii ya ng'ambo kabla ya kuamua.

25 Mei 2025: Kiwango cha maji

Hiki ndicho kifungu kilichotugharimu kuliko vyote, na ninaomba kisinakiliwe kabla maelezo haya hayajasomwa mpaka mwisho.

Rasimu ya kwanza ilifuata kanuni ya Indonesia iliyorekebishwa mwaka 2016, inayoihesabu ardhi ya mboji ya uzalishaji kuwa imeharibika pale maji yanaposhuka zaidi ya mita 0.4 chini ya uso wa mboji kwenye vituo vilivyoteuliwa vya kupimia. Sifa kubwa ya kanuni hiyo ni kwamba inapimika. Sheria nyingi husema "matumizi endelevu" na kuishia hapo, na mkaguzi aliyesimama shambani hana namna ya kuyapima maneno hayo, lakini mita 0.4 anaweza kuipima na kuiandika.

Udhaifu wa kwanza uliojitokeza ni kwamba sentimita 40 za juu zinabaki na hewa, zinaoza, na katika kiangazi kikali zinaweza kuwaka. Mboji huhifadhika pale maji yanapokaa karibu na uso kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kiwango hicho kinapunguza kasi ya hasara tu, na tuliona si haki kukiita ulinzi. Kanuni zetu sasa zina viwango viwili, kimoja cha eneo la ulinzi ambako maji yanatakiwa kuwa usoni au karibu yake, na kingine cha eneo la uzalishaji, ambacho kinatajwa waziwazi kuwa cha mpito.

Udhaifu wa pili ulihusu vituo. Mwenye shamba akiachiwa kuchagua mahali pa kupimia, atachagua pale maji yanapotuama. Tuliandika kwamba vituo vinachaguliwa na kamati kwa bahati nasibu, mahali pake panatangazwa, na vipimo vyote vinabandikwa kwenye ofisi ya kijiji.

Udhaifu wa tatu ndio uliotufanya tuandike upya kila kitu, nao umo katika maneno "chini ya uso". Tuchukue shamba ambalo maji yake yamewekwa sentimita 40 chini ya uso. Mboji iliyo juu ya maji inaoza, uso unashuka kwa sentimita 15, na maji yanabaki sentimita 25 tu chini yake. Mizizi ya zao inaanza kulowa, kwa hiyo mwenye shamba anafungua lango la mfereji kidogo na kuyarudisha maji kwenye sentimita 40. Uso unashuka tena, lango linafunguliwa tena. Kila mkaguzi anayepita anakuta sentimita 40, kila ripoti inasema sheria imetekelezwa, na mboji inaondoka mwaka hadi mwaka mpaka mfinyanzi wa chini ujitokeze, au mpaka ardhi iwe chini kuliko mto na mafuriko yaingie yasitoke. Kanuni inatimizwa kikamilifu huku kile ilichokusudia kukilinda kikiisha.

Ushahidi wa mwendo huo uko wazi huko Holme Fen, Uingereza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakati eneo hilo likikaushwa kwa ajili ya kilimo, nguzo ya chuma ilikitwa kwenye mfinyanzi ulio chini ya mboji, kilele chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama takriban mita 4 juu ya ardhi. Mtu ambaye angepima maji kwa kurejelea uso peke yake, kizazi baada ya kizazi, asingeona kilichotokea.

Dawa tuliyoipata ni nguzo ileile kwa umbo dogo. Bomba la plastiki lenye matundu madogo ubavuni hushindiliwa kupita mboji yote mpaka likite kwenye mfinyanzi, na mdomo wake hutiwa alama ya rangi. Kila ziara huchukua vipimo viwili: kutoka alama hadi maji, na kutoka alama hadi uso wa mboji. Cha kwanza kinaonyesha kama maji yameshushwa, cha pili kinaonyesha kama ardhi inashuka. Mwenzetu anayefanya kazi kwenye kinamasi alijaribu mabomba mafupi, ambayo hayakufika kwenye mfinyanzi, pamoja na marefu. Mafupi yalipanda na kushuka pamoja na mboji, kwa kuwa mboji huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kwa hiyo yalificha mabadiliko yaleyale tuliyotaka kuyaona. Vipimo vyake vya msimu mzima havikufaa kitu. Aligundua pia kwamba uzito wa mpimaji unaididimiza mboji iliyo karibu na bomba kiasi cha kuharibu kipimo, na sasa maelekezo yetu yanataka ubao mrefu wa kusimamia.

Kifungu kilichokubaliwa kinasomeka hivi: "Kiwango cha maji kitawekwa kwa kurejelea alama isiyohama iliyokita chini ya mboji, na hakitashushwa kwa sababu ya kushuka kwa uso wa ardhi." Matokeo yake ni mazito, na hatukutaka kuyaficha. Mwenye kulima zao la nchi kavu juu ya mboji ataona maji yakikaribia mizizi mwaka baada ya mwaka, na mwisho atalazimika kubadili zao au kuacha. Kanuni inayosababisha jambo hilo inapaswa kulisema wazi tangu siku ya kwanza, ili mkulima ajipange na adai haki yake mapema. Ndiyo sababu kifungu cha riziki, ambacho tulikuwa tumekiweka kuwa nyongeza, kimehamishwa kuwa sehemu ya lazima.

6 Julai 2025: Vizuizi vya mifereji na moto

Upande wa ufundi unaeleweka: kizuizi kimoja kikubwa hakishiki maji ya kuba lenye mteremko, kwa sababu maji hupenya ndani ya mboji na kuzunguka ncha za kizuizi. Vinahitajika vizuizi vingi kwa ngazi, tofauti ya maji kati ya kimoja na kinachofuata ikiwa ndogo.

Upande wa utawala ndio ulioshindikana mara ya kwanza. Rasimu ilisema kuvunja kizuizi ni kosa. Lakini huko Kalimantan mifereji hiyohiyo iligeuka njia za mitumbwi kwa watu wanaokwenda mashambani na kuvua, na vizuizi vilivyojengwa bila kuwauliza vilibomolewa. Adhabu haizuii maji kutoka. Kifungu kipya kinataka watumiaji wote wa mfereji waorodheshwe kabla ya ujenzi, njia ya mtumbwi iachwe pale inapohitajika, na kila kizuizi kiwe na mwangalizi wa eneo hilo anayelipwa kukitunza. Suala la malipo hayo lilizua mabishano. Wengine waliona kijiji kifanye kwa kujitolea. Msimamo wangu ni kwamba kizuizi ni mtambo wa umma kama daraja, na hakuna anayetegemea daraja litunzwe kwa hisani.

Kuhusu moto, marufuku ya jumla ilipita haraka kisha ikarudishwa, kwa kuwa mzigo wake wote unamwangukia mkulima mdogo mwenye kiberiti na kumwacha aliyeikausha ardhi. Mboji iliyolowa haiwaki. Sasa wajibu wa kwanza uko kwa mwenye mfereji: ardhi aliyoikausha ikiungua, anawajibika bila kujali nani aliwasha. Sheria ya mazingira ya Indonesia ya mwaka 2009 ina uwajibikaji wa aina hiyo, na mahakama zimeutumia dhidi ya makampuni.

30 Agosti 2025: Vibali vinavyopishana

Mwaka huu serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imefungua vitalu vipya 52 vya mafuta, na sehemu yake inaingia tena kwenye bonde la mboji. Hofu tuliyoiandika Novemba imetimia, na imekifanya kifungu hiki kuwa cha haraka.

Kiini cha tatizo ni kwamba mboji haina mwenyewe serikalini. Msitu ulio juu yake uko kwa wizara ya misitu, maji yaliyomo yako kwa wizara ya maji, na mafuta yaliyo chini yako kwa wizara ya nishati. Katika nchi nyingine mboji yenyewe ni kuni: Rwanda ina mitambo inayozalisha umeme kwa kuichoma, huku kinamasi chake cha Rugezi, chenye mboji vilevile, kikilindwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kimataifa wa ardhi oevu. Jamii nayo hupewa haki ya kipande kimoja tu cha mlolongo huo. Amri ya mwaka 2014 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaruhusu jamii kupata msitu wa hadi hekta 50,000, jambo jema sana, lakini haki ya msitu haizuii kibali cha kilicho chini ya msitu.

Rasimu ya kwanza iliunda kamati ya uratibu ya wizara zote. Tulipoijaribu kwa mnada wa 2022 haikubadilisha lolote, kwa kuwa kamati ya uratibu hujulishwa, haikatazi. Ya pili inataka rejista moja ya vibali kwa kila kitengo cha mboji, na kwamba kibali kisichopita kwenye rejista ni batili. Ofisi inayotunza rejista ina mamlaka ya kukataa, na kukataa kwake kunaweza kutenguliwa na mahakama tu, si na wizara nyingine. Ridhaa ya wakazi, iliyotolewa kwa hiari, mapema na baada ya kupewa taarifa zote, ni sharti la kuandikishwa. Wanasheria waliotusomea walisema mamlaka hiyo ya kukataa haiwezi kuundwa na sheria ndogo. Inahitaji sheria ya bunge. Wako sahihi, na tumekiwekea alama kifungu hicho ili asiye na uwezo wa kutunga sheria asikinakili akadhani amelindwa.

12 Oktoba 2025: Riziki

Rugezi imetufundisha zaidi ya mfano mwingine wowote. Kinamasi hicho cha kaskazini mwa Rwanda hulisha maziwa ya Burera na Ruhondo, yanayoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Kilimo na mifereji vilikidhoofisha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukame nao ukichangia, maji ya ziwa yalishuka na umeme ukapungua sana. Serikali ikasimamisha kilimo ndani ya kinamasi, ikajenga matuta kwenye milima inayokizunguka na kuhimiza majani ya mifugo na majiko banifu; kinamasi kikarudi, maji yakapanda, na mwaka 2010 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa. Mfuatano wa mambo ndio unaotuhusu: waliolima bondeni walipoteza mashamba mara moja, ilhali matuta na mifugo huchukua muda kuzaa.

Kifungu chetu kinageuza mfuatano huo. Njia mbadala ya kipato inaanza kabla maji hayajapandishwa, na inahesabiwa kuwa imeanza pale tu mavuno au malipo ya kwanza yanapopokelewa. Mafunzo peke yake hayatoshi. Tunapendekeza mazao yanayostahimili maji, ufugaji wa samaki na ukindu kwa kazi za mikono, tukijua kwamba soko la bidhaa hizo si kubwa kila mahali.

7 Desemba 2025: Uhai wa taasisi

Baada ya moto wa 2015, Indonesia iliunda Januari 2016 wakala wa kurejesha mboji, chini ya Nazir Foead, wenye lengo la hekta milioni 2 hivi katika mikoa 7. Ulifanya kazi kubwa, lakini muda wake uliwekwa kuisha mwaka 2020. Kisha ukaongezewa jukumu la mikoko na muda mwingine hadi 2024. Ndani ya maeneo ya makampuni haukuwa na amri kamili, kwa kuwa usimamizi ulibaki wizarani. Mboji inahitaji maji kila mwaka, na taasisi yenye tarehe ya kufa haiwezi kumwajiri mwangalizi wa kizuizi kwa kizazi kizima.

Kwa hiyo kamati ya kitengo haina ukomo, na fedha zake za msingi zinatokana na bajeti ya umma. Mauzo ya hewa ya ukaa yanaruhusiwa kuwa nyongeza tu, na mkataba wake unasomwa hadharani kwa lugha ya wakazi kabla ya kusainiwa.

Toleo la kwanza la kanuni sasa limekamilika, isipokuwa kifungu cha fidia kwa wenye hati za ardhi ambayo maji yake yatapandishwa. Rasimu mbili zimekataliwa: moja ililipa kwa ukubwa wa shamba na hivyo kuyanufaisha makampuni, nyingine ililipa kwa kaya na kuwasahau wanaokodi. Ya tatu, inayolipa kwa kipato kilichopotea na kuwahesabu wapangaji, iko mikononi mwa wanasheria. Ikirudi itawekwa hapa pamoja na pingamizi zao, na baada yake vipimo vya mabomba vya msimu wa mvua.